Mponyaji Akimbie au Asubiri? Mjadala wa Garissa

MAALIM: Nitaanza na kinachonikera. Mtoto wa miaka kumi na miwili anachukua simu ya kaka yake, anamtazama kijana wa katuni ya Kijapani, Usato, akivutwa na duara la uchawi hadi nchi isiyokuwepo duniani. Huko anashikishwa tufe la kioo, kioo kinageuka kijani, na tangu siku hiyo mikono yake inaponya watu. Alasiri mtoto huyohuyo anakuja duksi, chuo cha Kurani, na ubao wake mkononi, tunafika aya ya 102 ya Suratul Baqara, habari za Harut na Marut na watu waliojifunza sihiri ikawadhuru. Mimi namwambia sihiri ni maangamizi. Simu imemwambia ni kipaji, tena kipaji cha kutibia wagonjwa. Afadhali ingekuwa katuni ya wachawi wabaya, angewaogopa. Hii inaupamba uchawi kwa nguo ya huruma.

MWANAFUNZI: Niwie radhi, Maalim. Hicho kioo ni dakika chache tu za mwanzo. «The Wrong Way to Use Healing Magic» ina vipindi 13, vilivyooneshwa Januari hadi Machi 2024, na vipindi vya mwanzo karibu vyote ni mtu kukimbia. Ikigundulika kwamba Usato anaponya, mfalme wa Llinger anaingiwa na kiwewe, kwa sababu anajua nani atakuja kumchukua. Anakuja Rose, mkuu wa Kikosi cha Uokoaji, anamtia begani huyo anakwenda naye kambini. Anamkimbiza mpaka misuli inachanika, anamwamuru ajiponye, kisha akimbie tena. Akilia, anatukanwa. Baadaye anatupwa msituni peke yake na mkoba, akatafute dubu wa kupigana naye. Katika nchi ile uponyaji ni kitu cha kudharauliwa, na waponyaji wanajulikana kwa kukaa nyuma wakingoja kuletewa majeruhi. Rose anataka mponyaji anayeweza kufika pale mtu alipoangukia, roho ikiwa bado ndani. Mimi sikuona uchawi ukipambwa pale. Niliona kazi.

MAALIM: Haramu haigeuki halali kwa kumwagiwa jasho. Mwizi naye hufanya mazoezi ya kuruka ukuta. Na msidhani ni mimi peke yangu hapa Garissa niliyeshtuka. Mwaka 2001 Saudi Arabia iliipiga marufuku Pokémon nzima, katuni na kadi zake.

MWANAFUNZI: Kwa sababu kadi zile zilionekana kuwa kamari, na alama zake zikashukiwa. Hapa hakuna kamari.

MAMA: Nyinyi mnabishania simu ambayo mimi hata kuifungua sijui. Ninachoona ni kwamba kijana wangu, tangu aanze kutazama hayo mambo, anaamka alfajiri, anaswali, anakimbia hadi daraja la mto Tana na kurudi kabla jua halijawa kali. Zamani alikuwa akinililia aende Eastleigh akauze nguo kwa binamu yake. Sasa anaulizia fomu za KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, anataka kuwa afisa wa kliniki. Sijui nifurahi au nilie. Maana nikimuuliza atafanya kazi wapi, hasemi Garissa mjini. Anasema Mandera.

MUUGUZI: Mama, mwanao ameona kitu ambacho sisi wenye sare tunakijua na hatukisemi. Kaunti ya Garissa peke yake ina zaidi ya kilomita mraba 44,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353, wengi wao wakihama na mifugo. Hospitali kubwa iko mjini, karibu na mto. Mwanamke anayeshikwa na uchungu huko Hulugho au ndani ya Lagdera, hospitali hiyo kwake ni jina tu. Mvua ikinyesha gari halitoki. Novemba 2023 maji ya Tana yalikata barabara pale Madogo, watu wakawa wanavushwa kwa mashua. Na Mandera mnaijua: takwimu zilizotumiwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2014 zilitaja vifo 3,795 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Wanawake wale hawakufa kwa kuwa dawa haijavumbuliwa. Walifariki njiani, au nyumbani wakingoja njia. Kwa hiyo nikisikia katuni inauliza kama mponyaji akae au aende, mimi sioni Japani. Naona rejista yangu ya wajawazito.

MAALIM: Sista, hizo hesabu hazinipingi. Tuletee ambulensi, nitakuwa wa kwanza kuiombea dua. Hoja yangu ni ya itikadi. Watu huja kwangu na mgonjwa, nasoma juu ya maji, juu ya asali na habasoda, nampa. Ninapofanya hivyo naomba. Anayeponya ni Mwenyezi Mungu, akitaka anaponya, asipotaka mimi sina langu. Usato haombi mtu. Mkono wake unawaka kijani na jeraha linafunga. Mtoto aliyezoea hilo ataketi mbele yangu aone kisomo changu na ule mwanga ni jamii moja. Atangoja nguvu zitoke kwangu mimi. Hapo umeniharibia tauhidi, na umeniharibia kisomo chenyewe.

MUUGUZI: Hiyo ni hoja nzito kuliko zote ulizotoa, na sitaipita kando. Lakini wako watu wazima, hawajaona anime hata moja, wanaokuja kwako wakingoja nguvu zitoke kwako. Umewavunja moyo mara ngapi? Nakuuliza kuhusu kifua kikuu, kwa sababu hicho nakishughulikia kila siku. Mtu anakohoa, anakonda, jasho la usiku. Kwanza anaambiwa kuna jicho, au kuna mtu amemfanyia. Anasomewa. Anachomwa kifuani kwa chuma cha moto, nina wagonjwa wenye makovu ya mviringo, mapya juu ya ya zamani. Akifika kwangu, pafu moja limeshaliwa. Namwanzishia vidonge, na siku ya kwanza tu mkojo wake unakuwa wa rangi ya machungwa. Ni rifampisini hiyo, dawa inatoka na rangi yake, haina madhara. Nisipomwambia mapema, anakimbia. Na wengine wanafurahi! Wanasema ndio sihiri inatoka. Wiki ya sita kikohozi kimekwisha, amenenepa, anaona kazi imeisha, anawafuata ngamia wake. Miezi sita haijatimia. Vijidudu vilivyobaki vinarudi vikiwa sugu, naye anawaambukiza watoto hemani. Kwa hiyo mimi nasimama mbele yake na kikombe cha maji, nasema meza, nasema fungua mdomo, inua ulimi. Kwa sababu wapo wanaoficha kidonge chini ya ulimi. Kila siku. Hakuna mwanga wa kijani hapo, Maalim, na kama mtoto anatazama katuni ambayo uponyaji wake ni kurudiarudia jambo lilelile la kuchosha mpaka mwili ukubali, huyo anaweza kuwa msaidizi wangu.

 

MAALIM: Wanaochoma watu kwa chuma usiniwekee mimi. Wala wanaong'oa meno machanga ya mtoto anayeharisha kwa ncha ya msumari. Mimi nimewakemea hao juu ya mimbari. Lakini na nyinyi wa hospitali mpunguze kututazama kama watu wa giza. Mwisho wa 2006, kabla ofisi hazijatangaza homa ya Bonde la Ufa, wafugaji wa hapa walikuwa wameshaona mvua isiyo ya kawaida, mbu wasiohesabika, mimba za mbuzi na kondoo zinaporomoka kundi zima. Walikuwa na kumbukumbu ya 1997 na 1998. Walisema. Nani aliwasikiliza? Watu wakachinja, wakashika damu kwa mikono mitupu, wakafa.

MUUGUZI: Hilo kweli tupu. Na ndiyo maana nasema mponyaji aende. Angekuwa huko malishoni angeyasikia Novemba.

MAMA: Mnasema mponyaji aende kama kwamba hajawahi kwenda. Mimi kwetu ni Wajir. Miaka ya sabini alikuwepo mwanamke wa Kiitaliano, Annalena Tonelli, si mtawa, si daktari wa kusomea, alikuja Kenya 1969 kama mwalimu. Aliwaona hao hao wa kifua kikuu wanaotoroka. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Siku zile tiba ilikuwa mwaka mzima na zaidi, sindano kila siku, na kitandani hospitalini mtu wa ngamia hakai. Yule mama akafanya jambo jepesi kulifikiria baada ya mtu kulifikiria: akawaambia wagonjwa waje na herio zao, nyumba zao za kuhama nazo, wajenge karibu na hospitali, kila mtu na ndugu yake wa kumpikia. Manyatta. Mwaka 1976 wakaanza tiba fupi ya miezi sita, kila siku dawa inamezwa mbele ya macho. Mjomba alikaa mpaka mwisho, akarudi kwa mifugo, akazaa watoto wengine wanne. Mtindo ule Shirika la Afya Duniani likauchukua kuwa mfano wa kutibu wahamaji.

MUUGUZI: Kikombe changu cha maji kimetoka kwake, mama. Tulifundishwa hivyo darasani.

MAMA: Basi nikumalizie na ambayo darasani hawasemi. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla. Siku kadhaa, jua kali, bila maji, wakapigwa risasi. Serikali ilitaja watu 57. Ripoti ya tume ya ukweli, mwaka 2013, ilikaribia elfu moja, na sisi wenye maiti zetu tunajua zaidi. Miili ilitupwa porini. Annalena alitoka kwenda kutafuta waliobaki na pumzi, na kuzika. Hakungoja aletewe. Baadaye akalazimika kuondoka Kenya. Akaenda Somalia, akaendelea na kazi ileile. Mwaka 2003 akapewa tuzo ya Nansen na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo akapigwa risasi ya kichwa huko Borama, ndani ya hospitali aliyoianzisha. Mnapomsifia mponyaji anayekimbilia vitani, mimi namwona huyo. Nampenda na simtaki mwanangu awe yeye.

MWANAFUNZI: Mama, kuna kipindi kinachoeleza kwa nini Rose yuko vile. Zamani alikuwa kamanda, anapigana. Siku moja askari wake wote wanauawa mbele yake, yeye mwenye uwezo wa kuponya anabaki hai, jicho moja limekwenda. Kikosi cha Uokoaji kinatokana na siku hiyo. Ndipo unaelewa matusi yote ya uwanjani: anamkimbiza Usato ili asife. Mimi nilikuwa nimemtafuta mtu kama huyo katika katuni za Kijapani, kumbe aliishi Wajir.

MAALIM: Na kabla ya Wajir aliishi Madina. Rufayda al-Aslamiyya alisimamishiwa hema katika msikiti wa Mtume, rehema na amani zimfikie, wakati wa vita vya Khandaki. Saad bin Muadh alipochomwa mshale, alipelekwa kwake. Mwanamke Mwislamu, hema la tiba, majeruhi wakiwa hatua chache tu. Miaka elfu moja na mia nne iliyopita. Sasa nieleze, kijana: mwenye Rufayda ana haja gani na Rose?

MWANAFUNZI: Nimesoma duksi kwako miaka sita, Maalim. Jina la Rufayda nalisikia leo.

MAALIM: Duksi ni Kurani kwanza. Sira huja baadaye, na wewe uliondoka kabla haijafika.

MWANAFUNZI: Niliondoka kwa kuwa shule ya serikali ilianza saa mbili. Lakini ndivyo ilivyo: aliyenifikia kwanza ni Rose. Alinifikia kwa vipindi 13, kwa rangi, kwa muziki. Rufayda ananifikia leo kwa sentensi chache katikati ya ugomvi. Kama hamtaki Wajapani watufundishe watoto kuokoa watu, mchoreni Rufayda hemani kwake. Mchoreni mjomba wa mama akimeza vidonge.

MAALIM: Ushujaa hatukuusubiri uchorwe. Desemba 2015 basi la Mandera lilisimamishwa karibu na El Wak, wauaji wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria wakakataa. Mwalimu Salah Farah alikuwa mmoja wao, akapigwa risasi, akafariki Januari. Taifa likampa nishani baada ya kifo chake. Hakuwa na taa ya kijani mkononi. Alikuwa na dini yake.

MAMA: Alifariki, Maalim. Kila mfano mnaonipa unaishia kaburini, mnaupita mbio kama kwamba kaburi ni kituo cha basi lenu.

MWANAFUNZI: Mama, vita vinapozuka katika katuni ile Usato anakutana na Shujaa Mweusi, na...

MAMA: Ngoja nimalize. Aprili 2019, Mandera mjini, asubuhi, madaktari wawili wa Kuba wanakwenda kazini. Wana gari, wana askari. Askari anauawa, madaktari wanavushwa mpaka. Assel Herrera na Landy Rodríguez. Walikuja Kenya 2018 katika kundi la madaktari wapatao mia moja ili kujaza pengo la madaktari ambao hawakutaka kuja kwetu. Miaka karibu mitano baadaye tunasikia Al-Shabaab wakidai wameuawa kwa bomu la Marekani huko Jilib. Walikuwa na mama zao. Sasa endelea na Shujaa wako.

MWANAFUNZI: Shujaa Mweusi ana deraya inayorudisha kila pigo kwa aliyelipiga. Ukimkata, unakatika wewe. Marafiki wawili wa Usato, walioitwa mashujaa tangu siku ya kwanza, wanaangushwa hivyo. Usato anagundua kwamba ngumi yake ikibeba uponyaji haiachi jeraha, kwa hiyo hakuna cha kurudishwa. Anampiga na kumtibu kwa pigo hilohilo mpaka deraya inavunjika, na ndani yake ni msichana tu. Hauawi. Nilikitazama kipindi hicho nikiwa chumbani, katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mnajua kilichotokea pale tarehe 2 Aprili 2015. Watu 148 waliuawa. Nilipofika kujiunga, swali nililoulizwa na ndugu zangu wote ni: unalalaje pale? Mimi nilitaka hadithi moja ambayo mtu anaingia mahali pa kifo ili kutoa watu.

MAMA: Ngumi yake inaponya kwa sababu aliyeichora ana kifutio. Mandera hakuna kifutio.

MUUGUZI: Mama ana haki. Hata mimi kipindi hicho nakitilia shaka, kwa sababu kinamfanya mponyaji awe mpiganaji, na siku mponyaji anapoonekana mpiganaji, gari lake linapigwa risasi. Kinachotulinda sisi ni kwamba kila mtu anajua hatuna upande. Siku ile ya 2015 majeruhi walipofikishwa hospitali ya Garissa, na mahututi wakapandishwa ndege kwenda Nairobi, hakuna aliyeuliza dini wala kabila la damu iliyokuwa sakafuni. Nikibadilisha hilo kwa ngumi, hata ngumi ya huruma, nimekwisha. Lakini lipo jambo jingine katika hadithi hiyo ambalo nalitetea. Kikosi cha Rose si watu wawili. Wapo wenye nguo nyeusi, hawana uponyaji wowote, kazi yao kubeba majeruhi na kukimbia nao. Wapo Orga na dada yake Ururu, wao wako nyuma katika hema. Orga anaponya vizuri lakini mwili wake hauwezi uwanja wa vita, na hakuna anayemdharau. Wanaokwenda mbele kabisa ni Rose na Usato tu. Umeona mpango huo, mama? Mwanao si lazima awe wa mbele. Lakini lazima awepo wa kubeba, na wa hemani, na gari lenye mafuta. Tulipowatuma Wakuba Mandera, tuliwatuma mbele bila kikosi nyuma yao.

MAALIM: Sista, umeanza kunitafsiria katuni kama aya.

MUUGUZI: Natafsiri zamu za kazi, Maalim. Za kwangu zina watu pungufu.

MWANAFUNZI: Na kuna Amako, yule binti mbweha anayeona yajayo. Anamwonesha Usato marafiki zake wakiwa wamekufa uwanjani, kabla vita havijaanza. Usato angeweza kukimbia...

MAALIM: Hapo simama! Hapo hata sista hatanishawishi. Ghaibu haijui ila Mwenyezi Mungu. Mtoto akishakubali kwamba yupo kiumbe anayeona kesho, siku akipotelewa na mbuzi atakwenda kwa mpiga ramli. Hilo si la kutafsiriwa kuwa zamu za kazi.

MAMA: Mimi sikuhitaji mbweha. Tangu kijana aseme Mandera, nimeshaoneshwa kila usiku.

MUUGUZI: Mama, nilifanya kazi mpakani kabla sijahamishiwa hapa. Usiku mmoja nilizalisha kwa tochi ya simu, mtoto kakaa vibaya, mama yake hana hata miaka ishirini. Wote wawili walipona. Nilipohamishwa, nafasi yangu ilikaa miezi mingi bila mtu. Sijui waliojifungua katika miezi hiyo walishikwa na mikono ya nani. Unapomzuia mwanao, unamzuia kwa haki. Lakini na yule binti ana mama.

MAMA: Usinitie huyo binti mabegani. Fomu ya KMTC nitasaini, ada nitauza ng'ombe. Akimaliza aajiriwe hapa mjini, ahudumie watu wa hapa. Hapa nako wanakufa.

MWANAFUNZI: Na ikiwa kazi itakayotangazwa ni ya Mandera tu?

MAMA: Basi kaunti iniambie kwanza nani atakuwa garini naye, nani yuko hemani, na mafuta ya kurudi yako wapi. Hiyo mliyoisifu nyinyi wenyewe. Nikioneshwa, tutazungumza.

MAALIM: Mandera ninao wanafunzi wangu wa zamani, wawili ni maimamu. Kijana akienda nitawapigia, hatalala peke yake wala hatakula peke yake. Hilo naliahidi mbele yenu. Lakini msichukue ahadi hiyo mkaenda kusema Maalim ameihalalisha katuni. Sijaihalalisha, na simu ile isiingie duksi.

MWANAFUNZI: Haitaingia. Nitaileta nyumbani kwako baada ya isha, vipindi vitatu tu: cha uwanjani, cha Rose na askari wake, na cha Shujaa Mweusi. Ukivikataa, uvikatae ukiwa umeviona.

MAALIM: Viwili. Na kila utakapotokea mwanga wa kijani utasimamisha, nikueleze kwa nini ni batili.

MWANAFUNZI: Basi tutakesha, Maalim.